Mfuko Ulikuwa wa Unga

Kila asubuhi Mama Vifungo hupika uji wa watu wawili. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita, lakini mkono wa Mama Vifungo haujazoea. Unachota unga wa watu wawili, unamimina maji ya watu wawili. Yeye hunywa nusu, na nusu nyingine huiacha kwenye sufuria. Mchana huinywa ikiwa baridi.

Jina lake la kweli majirani wengi hawalijui. Ni fundi cherehani, na ana kopo kubwa la vifungo ambalo halijawahi kuwa tupu. Ukimpelekea shati lililopoteza kifungo, atachimba kopo hilo mpaka apate kinachofanana nacho. Asipokipata, atakushonea kifungo cha rangi nyingine na kukuambia kwamba ndiyo fasheni ya sasa. Watu wakamwita Mama Vifungo, naye akaitika.

Chumba chake cha mbele ni cha kazi. Kina cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na kamba ya kutundikia nguo. Chumba cha nyuma ni cha kulala. Wateja huja, huchukua nguo zao, na huondoka. Wakishaondoka, Mama Vifungo huzungumza na cherehani. Huiambia ipunguze kelele, kana kwamba kuna mtu mwingine mle ndani anayesumbuliwa.

Mtoto wake ni mmoja tu, dereva wa lori la safari ndefu. Leo yuko huku, kesho yuko mpakani, keshokutwa simu yake haipatikani. Hupiga simu kila Jumapili. Huuliza kama mama amekula, na mama hujibu kwamba amekula. Kisha mtandao hukatika. Mama Vifungo hubaki ameshika simu sikioni kwa muda, akingoja sauti irudi.

Aliyekuwa akimpunguzia upweke ni mkwe wake, mke wa dereva. Mkwe huyo alifanya kazi katika kiwanda cha unga, upande wa kufungasha. Kila Jumamosi baada ya kazi alikuja na mfuko mmoja wa unga. Alikaa kwenye stuli karibu na cherehani, akavua viatu, akasimulia vituko vya kiwandani mpaka Mama Vifungo akashindwa kutunga uzi kwa kucheka. Mimba yake ilipofika miezi mitano, alileta pia gauni lake la kazi, lenye mifuko miwili mbele. Lilikuwa limeanza kumbana, akaomba lipanuliwe.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu Mama Vifungo. Utotoni hakupelekwa shule. Mwaka jana alijiunga na darasa la watu wazima, linalokutana saa kumi alasiri katika shule iliyo karibu. Mwalimu wake angeweza kuwa mwanawe. Mama Vifungo alikaa dawati la mbele, magoti yamebanwa, na hakukosa hata siku moja.

Alipojua kusoma, hakubakiza kitu. Alisoma maboksi ya sabuni, chupa za dawa na viberiti. Alisoma tangazo la msiba wa mtu asiyemjua, akalia kidogo. Alisoma kwa sauti, kwa sababu hata maneno ya kwenye kiberiti yalikuwa ni mazungumzo.

Siku moja mwalimu alifundisha habari za ki na vi. Aliandika ubaoni: toto, kitoto, vitoto. Chini yake akaandika: mlima, kilima, vilima. Akasema kwamba ki na vi huweza kuonyesha udogo. Mama Vifungo alilipenda sana somo hilo. Alirudi nyumbani akivigeuza vitu vyote kuwa vidogo, mpaka akajiuliza kama kijiko ni mtoto wa jiko.

Siku iliyofuata mwalimu alipata msiba. Darasa likafungwa kwa wiki mbili.

Jumamosi ya wiki hiyo mkwe alileta unga kama kawaida. Safari hii mfuko ulikuwa na kibandiko kipya chini ya picha ya hindi. Mkwe hakukitaja. Kiwandani alibandika vibandiko hivyo tangu asubuhi mpaka jioni, na wenzake waliviita "vibandiko vipya" tu. Hakuna aliyekaa kuvisoma.

Mkwe alipoondoka, Mama Vifungo alivaa miwani. Akaanza kusoma polepole, kidole chini ya maneno.

"Unga huu umetokana na mahindi yaliyobadilishwa vi-na-sa-ba."

Neno la mwisho lilimsimamisha. Vinasaba hakuwahi kuvisikia. Lakini nasaba aliijua vizuri. Nasaba ni ukoo, ni habari ya nani kamzaa nani. Marehemu mumewe aliweza kuhesabu nasaba yake mpaka babu wa saba, na alifanya hivyo kila alipopata msikilizaji. Alipomkosa, alimhesabia mkewe.

Sasa vinasaba ni nini? Mama Vifungo akalikumbuka somo la mwalimu. Toto, vitoto. Mlima, vilima. Nasaba, vinasaba. Basi ni nasaba za wadogo. Ni nasaba za watoto.

Miwani ikamteleza puani. Akaelewa, au akadhani ameelewa, kwamba unga huu unabadilisha nasaba za watoto. Na mkwe wake alikuwa mjamzito, na alikuwa akiula kila siku.

Mtu asimcheke. Hilo halikuwa kosa la mtu mzembe. Lilikuwa kosa la mwanafunzi mzuri aliyeachwa peke yake na neno gumu. Angekuwa na mtu wa kumwuliza siku ile, hadithi hii ingeishia hapa.

Lakini hakuwa naye. Mwalimu alikuwa msibani, mwanawe alikuwa barabarani, na cherehani haijui kusoma. Aliupandisha ule mfuko juu ya kabati bila kuufungua. Wiki nzima alitafuta maneno ya kumwambia mkwe wake. Alitaka yawe maneno ya upole, yasimtie hofu mtu mwenye mimba.

Jumamosi mkwe alikuja, akakaa kwenye stuli yake, akapewa chai. Mama Vifungo akaacha kushona. Hilo peke yake lilimshangaza mkwe, kwa sababu mama huyu hushona hata akiwa anakula.

"Mwanangu," akasema Mama Vifungo, "huyo mtoto nasaba yake imebadilishwa. Najua. Siwezi kukaa kimya."

Mkwe akaweka kikombe chini. "Nani amekuambia hivyo, Mama?"

"Sikuambiwa na mtu. Nimesoma mwenyewe."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye mfuko."

Macho ya mkwe yakaenda kwenye kamba ya nguo. Pale kambani lilikuwa limetundikwa gauni lake, na kwenye mfuko wake mmoja kulikuwa na karatasi ya zamu yenye majina ya wanaume wawili wa kiwandani. Mama Vifungo alikusudia mfuko wa unga. Mkwe alisikia mfuko wa gauni. Alidhani mama mkwe amempekua, amekuta majina yale, na sasa anamwambia usoni kwamba mtoto huyu si wa mumewe. Nasaba, kwake pia, ilikuwa na maana ileile moja.

Hakupiga kelele. Alianza kuvaa viatu, taratibu, maana kuinama kulikuwa kumeshaanza kumpa taabu. Mama Vifungo akaona kwamba mkwe amekubali. Akataka kumpa moyo.

"Hujachelewa," akasema. "Ukiacha leo, tutamwomba Mungu asamehe yaliyopita."

Mkwe alisimama. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayajaanguka. "Sikutegemea maneno haya kutoka kwako, Mama," akasema. Akalivuta gauni kwenye kamba, likiwa bado lina pini za pindo, akatoka. Kikombe kilibaki na chai zaidi ya nusu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Mama Vifungo alisema moyoni kwamba amekasirika tu, hasira zitapoa. Jumamosi ya pili hakuja. Stuli ilikuwa palepale, kila akinyanyua macho anaiona tupu. Akaitoa nje. Wateja wakaanza kuikalia, naye hakupenda kuona mtu mwingine ameikalia, akairudisha ndani.

Jumapili mwanawe alipiga simu. Alisema mke wake amepata ruhusa kazini, amekwenda kwa mama yake mzazi kupumzika mpaka atakapojifungua. Mke wake hakuwa amemwambia lolote lile. Aliona aibu hata kulirudia neno lenyewe.

"Alikuaga, sivyo?" akauliza mwanawe.

"Aliniaga," akasema Mama Vifungo.

Alikuwa hajawahi kumdanganya mwanawe tangu amzae. Mtandao ulipokatika siku hiyo, alishukuru.

Uchungu ukikaa peke yake hutafuta pa kutokea. Mteja mmoja alikuja kubadilisha zipu, akauliza kwa nini fundi amekonda. Mama Vifungo akamwambia habari ya unga. Alimwambia yeye tu. Jumatatu alimwambia mtu mmoja, Jumatano mtaa mzima ulijua kwamba kuna unga unaobadilisha ukoo. Watu wakaanza kugeuza mifuko dukani wakitafuta kibandiko. Walipokiona, walirudisha mfuko mahali pake na kwenda duka jingine, wakanunua unga usio na maandishi yoyote. Hakuna aliyejiuliza kama ule usioandikwa umetoka kwenye mahindi yaleyale.

Habari zikamfikia Bibi Afya. Huyu ni mwanamke wa makamo anayekagua vyakula katika maduka, masoko na viwanda. Hutembea na mkoba mzito na huvaa viatu vya raba kwa ajili ya sakafu zenye maji. Alipita mtaani akitangaza mkutano. Alisema serikali inakusanya maoni kuhusu sheria mpya. Swali lilikuwa hili: je, kila kampuni ilazimishwe kuandika kwenye mfuko kwamba chakula kimetokana na mbegu iliyobadilishwa vinasaba, au kila mmoja aandike akipenda?

Mkutano ulifanyika alasiri katika chumba kilekile cha darasa la watu wazima. Mwalimu alikuwa amerudi. Mama Vifungo alikaa dawati lake la mbele, mikono mapajani. Hakuwa amekaa kati ya watu wengi namna ile tangu mazishi ya mumewe.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwenye duka. Alisema yeye hapingi ukweli, lakini anapinga hasara ya bure. Mtu akiona maandishi mapya anadhani ni sumu. Msimamizi wa kiwanda naye akasema wao waliandika kwa hiari yao, wakitaka kuwa wakweli. Malipo yake ni kwamba unga umejaa ghalani na zamu za wafungashaji zimepunguzwa. Wenzao walioficha wanauza. Akaongeza kwamba kuyatenganisha mahindi tangu shambani mpaka kinuni ni kazi na ni gharama, na gharama hiyo mwishowe itamfikia mnunuzi.

Mkulima mmoja alisema yeye anataka sheria. Anataka kujua anachonunua, hata kama hakina ubaya. Mwingine akasema yeye akishiba hana swali. Watu wakacheka.

Ndipo Mama Vifungo aliponyanyua mkono. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Bibi Afya, mimi nina swali. Nasaba ya mtoto hubadilika mama yake akishakula mifuko mingapi?"

Kicheko kililipuka. Bibi Afya hakucheka. Alishuka kutoka mbele, akaja akakaa kwenye dawati lililokuwa wazi karibu na Mama Vifungo, akamwuliza swali hilo amelitoa wapi. Mama Vifungo akaeleza: kibandiko, nasaba, toto na vitoto. Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajishika kichwa.

"Mama, umesoma vizuri kabisa," akasema Bibi Afya. "Mwenye makosa ni aliyeandika neno gumu akaliacha bila maelezo."

Kisha akamwuliza, gauni hukatwaje? Mama Vifungo alijibu kwamba kwanza kuna karatasi ya vipimo, kitambaa hukatwa kwa kuifuata hiyo. Bibi Afya akasema basi kila kitu chenye uhai kina karatasi yake ndani, ndogo mno, haionekani kwa macho. Hindi lina yake, ng'ombe ana yake, mtu ana yake. Maelekezo hayo ndiyo huitwa vinasaba. Mahindi yale wataalamu wamebadilisha sehemu moja ya maelekezo yake, ili mdudu anayetoboa mabua asiyamalize shambani.

"Na mimi nikiyala?" akauliza Mama Vifungo.

"Tumbo lako litayasaga kama linavyosaga mahindi mengine. Maelekezo ya hindi hayawezi kuwa maelekezo yako. Umekula kuku mara ngapi maishani?"

"Nyingi."

"Umeota manyoya?"

Watu wakacheka tena, na safari hii Mama Vifungo alicheka nao kidogo. Bibi Afya aliendelea kuwaeleza wote. Alisema aina zilizoruhusiwa kuuzwa zilipimwa kwanza, na wapimaji hawakuona kwamba zina hatari zaidi kuliko mahindi ya kawaida. Kila aina mpya lazima ipimwe yenyewe, haipiti kwa sababu nyingine ilipita. Kibandiko si alama ya hatari. Ni habari. Kuna nchi zinazolazimisha kiandikwe na kuna nchi zisizolazimisha, na watu wenye akili zao wanabishana pande zote mbili.

Lakini Mama Vifungo alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa akiyarudia maneno yake mwenyewe kichwani, moja baada ya jingine. Huyo mtoto nasaba yake imebadilishwa. Nimesoma mwenyewe. Kwenye mfuko. Akaona tena macho ya mkwe yakienda kwenye kamba ya nguo, kwenye gauni lenye mifuko miwili. Ukiacha leo, tutamwomba Mungu asamehe. Sasa alijua alichokuwa amemwambia mke wa mwanawe.

Mwenye duka alikuwa amesimama tena. "Mmeona wenyewe," alikuwa akisema. "Kibandiko kimoja kimeharibu mtaa mzima. Kiondolewe."

"Kisiondolewe," akasema Mama Vifungo.

Alisimama, akashika ukingo wa dawati. Watu wakageuka kumtazama, kwa sababu hakuna aliyetarajia.

"Mimi ndiye niliyekisoma vibaya. Kwa ajili ya kibandiko hicho nimempoteza mkwe wangu, na mjukuu wangu atazaliwa mimi nikiwa sipo. Ningekuwa na hasira ningesema kichanwe. Lakini mimi ni fundi. Nguo ikija kwangu ina lebo shingoni, najua nipige pasi ya moto au ya vuguvugu. Lebo haisemi nguo ni mbaya. Inaniambia ni nguo gani. Isiyo na lebo ndiyo niliyoiunguza, na mwenye nguo akalia mbele yangu. Waandike wote, si huyu mmoja aliye mkweli. Ila waandike maneno ambayo mtu kama mimi, akiwa peke yake nyumbani, hana wa kumwuliza, atayaelewa."

Akakaa. Bibi Afya aliandika kwa muda mrefu. Msimamizi wa kiwanda naye akatoa kalamu.

Kutoka mkutanoni Mama Vifungo alimpigia mkwe simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaacha, kwa sababu aliona kwamba hata yeye angekuwa mkwe yule asingepokea.

Barua aliogopa. Hajawahi kuandika barua, na barua inaweza kuchanwa kabla ya kusomwa. Akatazama vitambaa vyake. Kulikuwa na kipande cha pamba nyeupe, laini, alichokihifadhi tangu mwanzo wa mimba. Akakata vijigauni vitatu vya mtoto mchanga. Kisha akachukua utepe, akatunga uzi mwekundu, akaanza kudarizi herufi. Utepe ni mwembamba na herufi zake zilikuwa bado nzito. Alifumua, akaanza upya, akafumua tena. Aliandika lebo tatu kwa siku tano, na wateja wakalalamika kwamba nguo zao hazijaguswa.

Kwenye lebo ya kwanza aliandika: MFUKO ULIKUWA WA UNGA.

Kwenye ya pili: NILISOMA VIBAYA.

Kwenye ya tatu: MTOTO NI WETU.

Alizishona shingoni, kwa ndani, mahali lebo inapokaa. Mwanawe alipopita na lori na kusimama nusu saa, Mama Vifungo alimpa kifurushi na kumwambia ampelekee mke wake. Mwanawe akauliza kuna nini ndani. "Mambo ya wanawake," akasema mama yake. Dereva akakishika kwa mikono miwili, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba mayai.

Wiki zikapita bila jibu. Mama Vifungo alishona, akala, akaiambia cherehani ipunguze kelele. Aliushusha mfuko wa unga kutoka juu ya kabati, akaufungua, akapika uji. Ulikuwa uji tu. Aliunywa nusu.

Bibi Afya alirudi siku moja na karatasi. Sheria bado ilikuwa ikijadiliwa, akasema, na labda itachukua muda, maana wabishi ni wengi. Ila kiwanda kimekubali kuandika upya kibandiko chake, na kinataka darasa la watu wazima likisome kwanza kabla hakijachapwa. Mama Vifungo alisoma karatasi hiyo kwa sauti. Kwenye mstari wa pili palikuwa na neno "mtumiaji". Akauliza, mtumiaji ni nani? Bibi Afya akasema ni anayekula. "Basi aitwe mlaji," akasema Mama Vifungo. Wakalikata neno lile.

Jumapili moja mwanawe alipiga simu kutoka barabarani. Mtoto wa kike alikuwa amezaliwa Alhamisi. Mama yake hajambo, mtoto hajambo.

"Amevaa nini?" akauliza Mama Vifungo.

"Amevaa nini vipi, Mama? Nguo za watoto. Mimi mwenyewe sijafika bado."

Alitaka kuuliza zaidi, mtandao ukakatika. Alhamisi alikuwa ameshona suruali mbili na kubadilisha kola ya shati. Hakuhisi lolote siku ile. Mjukuu wake alikuja duniani, naye alikuwa akitafuta kifungo kwenye kopo. Siku hiyo hairudi, na aliililia.

Mtoto alipokuwa na miezi miwili, asubuhi moja mlango ulibishwa. Mama Vifungo alikuwa akipika uji. Alidhani ni mteja, akasema karibu bila kugeuka. Hakusikia jibu. Alipogeuka, mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani, na mfuko wa unga mkononi.

Mkwe aliingia, akautazama ule uji, akaitazama stuli, akaikalia. Alisema amerudi kazini wiki hii, zamu zimerudi kama zamani. Alisema aliyasoma yale maandishi ya shingoni siku kifurushi kilipofika, akaanza na lebo ya pili kwa bahati mbaya, akadhani bado ni habari ya karatasi ya gauni, akakasirika zaidi. Baadaye akayapanga. Alilia siku nzima, kisha hakujua aanze vipi kurudi.

"Hata mimi nilipaswa kukuuliza, Mama," akasema. "Mfuko upi. Neno moja tu."

Mama Vifungo alinyoosha mikono kuelekea kwa mtoto. Mkwe hakumpa mtoto. Alimpa mfuko wa unga.

"Soma kwanza," akasema.

Mama Vifungo akavaa miwani. Kibandiko kilikuwa kipya. Akaweka kidole chini ya maneno, ingawa safari hii hakukihitaji sana.

"Mahindi ya unga huu yametokana na mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Vinasaba ni maelekezo ya ukuaji yaliyo ndani ya mbegu. Unga huu haubadilishi mwili wa mlaji wala wa mtoto wake. Ukiwa na swali, piga namba hii."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Hapo kwenye mlaji ni neno langu."

Mkwe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akainuka, akamweka mtoto mikononi mwa bibi yake. Mama Vifungo akaifunua shingo ile ndogo, akakuta lebo imegeuka, akaigeuza. Ilikuwa ya tatu. Chini ya herufi zake nzito mtu alikuwa ameongeza neno moja kwa uzi wa bluu, kwa mkono usiozoea sindano: NDIYO.

Uji ulikuwa umeanza kuchemka. Ulikuwa wa watu wawili, na asubuhi hiyo uliisha wote.